Kulia kwa Mlango wa Barnabas

Mama yangu Magdalene alipanda ndege kwa mara ya kwanza, kuja kwangu Uingereza, akiwa na miaka hamsini na mitatu, Juni ya mwaka 1973, na ndani ya nguo zake alikuwa ameshonea barua ambayo mimi, bintiye wa pekee, sikuwahi kuambiwa kwamba ipo. Alikaa nayo kimya wiki mbili nzima. Alikula wali wangu, akaisuta baridi ya chumba changu cha Stechford, akaja hadi hospitalini ninakofanya kazi ya uuguzi na kuwasalimia wagonjwa mmoja mmoja kwa Kijaluo. Alhamisi jioni, siku tatu kabla ya safari ya kurudi, akachukua mkasi, akafumua mshono, akanipa karatasi.

Nikaisoma nimesimama. Iliandikwa mwaka 1951 na kasisi wa Kanisa la Mtakatifu Oswini, mjini Birmingham. Ilimwarifu Bibi Magdalene kwamba mumewe Barnabas, mchimba makaburi wa kanisa hilo, amefariki kwa ugonjwa wa mapafu na kuzikwa kama alivyoomba mwenyewe. Basi. Mistari sita na sahihi.

Baba aliondoka Kenya nikiwa na mwaka mmoja. Alikuwa mpishi wa mzungu wa Kitale, na mzungu aliporudi kwao akamchukua. Mwaka haukuisha mzungu akafa, baba akabaki kuchimbia watu makaburi ili apate nauli ya kurudi. Nauli haikupatikana. Hayo niliyajua. Nilijua pia maneno ya baba mdogo Fanuel, maana Alego nzima, kwetu, iliyajua: kwamba Barnabas alioa mwanamke wa kizungu huko, akafia kwake, na amelala kwenye boma la huyo mwanamke. Kwa hiyo Magdalene si mke wa mtu tena. Arithiwe, na shamba lirudi kwa wenye ukoo, yaani kwa Fanuel.

Alikuja hata na tunda la mwegea, lile refu ambalo Wajaluo huzika badala ya mtu aliyepotelea mbali, ili alizike kando ya nyumba ya mama na mambo yaishe. Mama akalichukua lile tunda akawatupia ng'ombe. Akasema hatarithiwa na yeyote mpaka aone kwa macho yake mume wake amelala wapi, na amelala na nani. Miaka ishirini na miwili alisimamia neno hilo, peke yake, huku shamba likimegwa mpakani kila msimu wa kulima.

Nami nilikuwa nimekaa Birmingham miaka mitatu, na sikuwahi kutafuta kaburi la baba yangu. Kila aliyeniuliza nilimwambia kazi ni nyingi. Uongo mtupu, niliogopa. Niliogopa kugonga mlango fulani na kufunguliwa na kijana wa rangi ya chai ya maziwa mwenye pua yangu.

"Jumamosi tunaenda," mama akasema. "Au kesho."

Kesho yake nilikuwa zamu, nikamwomba Walter ampeleke. Walter ni Mluhya wa Maragoli, kondakta wa mabasi, na ndiye sababu ya nyumba yetu kuzungumza Kiswahili wiki hizo, kwa kuwa Kijaluo hajui hata cha kuombea maji. Nilikuwa nimemtambulisha kwa mama kama rafiki. Mama aliniuliza rafiki wa aina gani huyu anayejua vijiko vyangu viko kwenye droo ipi, nami nikajifanya sikusikia.

Sasa Walter naye ana ugonjwa wake: hawezi kumpitisha mgeni Birmingham bila kumwonyesha kila kitu. Nilimwambia makaburini. Yeye akampandisha basi hadi Kingstanding, akamwonyesha kilima kidogo chenye miti ambacho inasemekana mfalme mmoja wa zamani alisimama juu yake kukagua askari.

"Akafanya nini?" mama alimuuliza.

"Alisimama, Mama."

"Halafu?"

"Halafu akaondoka."

Mama aliniambia jioni kwamba Waingereza ni watu wa ajabu sana, mtu akisimama wanakumbuka miaka mia tatu, akifa baba yako wanaandika mistari sita. Lakini alikuwa akiongea huku akizunguka chumba, hakai, mikono haitulii, kwa sababu walipofika Lozells mwishowe, nyuma ya kiwanda cha vifungo, walikuta lango la Mtakatifu Oswini limefungwa na tangazo limebandikwa. Walter alikuwa amelinakili nyuma ya tiketi. Kuanzia Jumatatu mawe yote ya makaburi yatang'olewa ili pawe na uwanja wa nyasi. Ndugu wanaotaka jiwe lao libaki waje walionyeshe wenyewe, na mwisho ni Jumamosi saa sita mchana.

Nilimkaripia Walter mpaka nikaishiwa pumzi. Alfajiri na mapema tulikuwa kituo cha basi, sisi watatu.

Saa tatu na nusu lango likafunguliwa. Karani wa kanisa, mama mmoja mnene mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alikuwa ameweka meza barazani mwa kanisa na daftari kubwa juu yake. Nikamtajia jina na mwaka. Akafunua kurasa, akapitisha kidole.

"Yupo," akasema.

Yupo. Nikamgeukia mama nikamwambia yupo, naye akashika ukingo wa meza. Jina lilikuwa pale kwa wino, na tarehe, na umri. Ila mahali pa kuandika namba ya kaburi pamechorwa mstari mfupi tu. Karani akaeleza kwamba mstari ule ni wa waliozikwa nje ya safu. Ni wapi nje ya safu, hakujua. Waliojua wamo chini tayari. Kwa kidevu akatuonyesha saa iliyo ukutani. Jiwe likionekana aitwe, aliandike. Lisipoonekana, hawezi kuandika jiwe asiloliona.

Mama hakuhangaika hata kidogo. "Mwanamume anazikwa kulia kwa mlango wa nyumba yake," akasema. "Mwanamke kushoto. Barnabas anajua hivyo, na barua inasema alizikwa alivyoomba. Alikuwa mtu wa kanisa. Nyumba yake ni hii. Tuanze kulia."

Walter akakimbilia upande wa kulia na kuanza kusoma mawe kwa sauti.

"Huko wapi unaenda?" mama akamwita.

"Kulia, Mama."

"Hiyo ni kulia ya mgeni anayeingia. Mwenye nyumba anasimama mlangoni mwake anatazama nje, lango lake liko mbele. Kulia kwake ni huku."

Walter akarudi amenywea, akavuka upande wa pili. Tukaanza.

Sijawahi kuifurahia asubuhi kama ile, na nasema hivyo nikijua tulikuwa makaburini. Jua lilikuwa limetoka kabisa, jambo ambalo Birmingham hulifanya kwa kujinyima. Ng'ambo ya ukuta mmoja mfereji ulipita, na jahazi la makaa likasogea taratibu hata ukadhani ni ukuta unaotembea. Upande wa pili kiwanda cha vifungo kilikuwa kikigonga, na kutoka kwenye nyumba zile zilizobanana za barabarani ilikuja harufu ya vitunguu na bizari ikikaangwa. Mama alikuwa akisoma mawe kwa sauti na kuomba radhi kila alipokanyaga mtu. Seremala. Mke wa seremala. Watoto wanne wa wiki moja, jina moja. Mtengeneza kalamu. Nahodha wa jahazi la mfereji aliyefia majini, jambo ambalo lilimchekesha Walter mpaka mama akamtazama. Kila nilipoona jina linaloanza kwa B nililisoma mara mbili.

Saa tano ikafika. Upande wa kulia tulikuwa tumeumaliza mara mbili, na upande wa kushoto mara moja ili kuwa na uhakika. Barnabas hakuwepo.

Mama akakaa kwenye ukingo wa kaburi la mtengeneza kalamu. Ndipo nilipomwona amechoka. "Labda Fanuel alisema kweli," akasema, polepole. "Labda aliomba kuzikwa kwa huyo mwanamke."

Nilitaka kumtukana Fanuel kwa lugha zote nilizo nazo, na nilikuwa nimeanza, pale sauti ilipotoka juu ya ukuta.

"Mama, mnatafuta nini hapo? Toka asubuhi nawaona tu."

Kiswahili. Tena si Kiswahili cha vitabuni, Kiswahili cha Kisumu. Juu ya ukuta kulikuwa na kilemba cha buluu, na chini yake ndevu nyeupe, na mkononi randa ya seremala.

Mama akainuka kama aliyeitwa na jamaa yake. "Wewe umetoka wapi?"

"Kisumu, Mama. Mimi Baldev. Fundi wa reli, miaka kumi na tisa, karibu na stesheni. Nilikuja huku sitini na nane, tulipokuja Wahindi wengi. Na wewe?"

"Alego."

"Alego nimeenda kununua mbao. Iko njia mbaya sana."

"Bado ni mbaya," mama akasema, na kwa mara ya kwanza tangu atue nchi hii nikamwona anacheka na mtu asiyenihusu mimi. Waliulizana habari za mvua, za bei ya samaki, za duka fulani lililoungua. Walter alinionyesha saa yake. Nikaingilia kati, nikamweleza Mzee Baldev kwamba tunamtafuta mchimba makaburi aliyekufa mwaka 1951, mwanamume Mwafrika, na kwamba tumemaliza upande wote wa kulia wa mlango wa kanisa.

Mzee akatusikiliza, akakuna ndevu kwa randa. "Lakini mchimba kaburi halali kanisani," akasema. "Alikuwa na nyumba yake. Pale kona ya mfereji, penye miiba mingi. Nyumba dogo ya matofali. Halmashauri ilibomoa mwaka ule nilikuja. Mlango wake nilichukua mimi, ndio mlango wa banda langu. Mbao nzuri, huwezi kupata sasa."

Mama alimshika Walter mkono bila kujua anamshika nani. Nyumba. Alikuwa na nyumba, na sisi tulikuwa tumempangia kanisa zima.

"Na pale mlangoni," Mzee Baldev akaendelea, akifurahi kwamba anasaidia, "nafikiri mtu wenu yuko. Nimeona mawe mawili ndani ya miiba. Moja huku, moja huku. Nilifikiri mzee na bibi yake."

Walter hakuelewa, alikuwa anatabasamu. Mimi nilielewa, na nilimwona mama ameelewa kabla yangu. Kulia mwanamume. Kushoto mke. Kama kushoto kwa mlango ule palikuwa na jiwe, basi Barnabas alikuwa na mke nyumbani mle, na mke yule amelala pale, na mama yangu amekaa miaka ishirini na miwili akimlindia boma mwanamume ambaye ana boma lingine.

"Mzee," mama akasema, "una panga?"

Mzee Baldev alikuwa na panga, alilolibeba kutoka Kisumu ndani ya sanduku la vyombo vya kazi, na alilirusha juu ya ukuta kabla hajaruka mwenyewe, mtu wa miaka sitini na zaidi. Saa tano na nusu. Walter akavua koti. Walikata ile miiba kwa zamu huku mimi na mama tukiivuta kando, mikono ikichanika, na sitadanganya, pamoja na hofu yote nilikuwa na furaha ya kichaa. Nilikuwa nafyeka njia ya kwenda kwa baba yangu.

Panga likagonga jiwe. Kizingiti. Kilikuwa kimelika katikati kwa kukanyagwa, na pande mbili zake matofali ya chini ya ukuta yalikuwa bado yamesimama hadi kifundoni. Mama akapanda juu ya kizingiti, akageuka, akatazama mbele kama mtu aliyetoka ndani asubuhi. Mbele yake, moja kwa moja, lilikuwa lango la makaburi.

Akageuza kichwa kulia. Walter aliondoa tawi la mwisho.

Jiwe lilikuwa dogo, la kijivu, na maandishi ya Kiingereza yalikuwa safi kwa sababu miiba iliyakinga na mvua. Barnabas. Mchimba makaburi wa kanisa hili. Mtu mwaminifu. 1951.

Nilipiga magoti. Sikumbuki kupiga magoti, nakumbuka tu kwamba soksi zangu zilikuwa zimelowa. Nilimwambia kwa Kijaluo kwamba mimi ni Edah, na kwamba nimechelewa, nikalia kwa aibu na kwa raha pamoja. Mama alimsalimia kwa jina lake la ukoo, akamwuliza kama amelala salama. Kisha akageukia upande wa pili.

"Mama, tumempata," nikasema haraka, nikijipangusa. "Saa sita kasoro dakika ishirini. Tumwite karani aandike, tumalize. Twende."

"Bado kushoto."

"Kushoto hakutuhusu."

"Edah," akasema, "mimi nimekaa miaka ishirini na miwili kwa ajili ya kushoto."

Akashuka kizingitini. Walter alikuwa ameshafyeka. Lile jiwe la kushoto lilikuwa chini zaidi, limelazwa, limefunikwa na kuvu nene ya kijani, na mbele yake palikuwa na kiwanja kirefu cha urefu wa mtu, kilichozungushiwa matofali ya buluu yaliyopangwa kwa uzi. Kazi ya mkono wenye subira. Mzee Baldev akanipa brashi ya waya. Mama akaichukua mkononi mwangu.

Alisugua yeye mwenyewe. Ikatoka M. Nikajisemea moyoni, Mary, Margaret, Mabel, wazungu wana M nyingi kupita kiasi. Ikatoka A. Mama alisugua bila kusimama, jasho likimdondoka, hasomi, anasugua tu mpaka mwisho wa jiwe, kama mtu anayeogopa kwamba akisoma nusu atakosa nguvu ya kumaliza. Halafu akakaa juu ya visigino vyake, akasoma.

Herufi hazikuwa za fundi. Zilikuwa zimepinda, nyingine kubwa nyingine ndogo, zimechongwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa sepetu. MAGDALENE NYAR UGENYA. Binti wa Ugenya: hivyo ndivyo mume wa Kijaluo anavyomwita mke aliyemtoa Ugenya, na hakuna mzungu duniani anayejua kumwita mke wake hivyo.

Chini yake hapakuwa na mwaka. Udongo ndani ya yale matofali ulikuwa tambarare, haujawahi kuguswa na sepetu. Mtu aliyechimbia parokia nzima alikuwa ameacha sehemu moja tu bila kuchimba, akaizungushia tofali, akaiandika jina.

Mama hakulia. Alianza kucheka, kwanza chini kwa chini, kisha kwa kifua kizima, akipiga lile jiwe kwa kiganja kama unavyompiga mtu begani. "Alinitengea mahali," akasema kwa Kiswahili, ili Walter na Mzee Baldev nao wasikie. "Mnaona? Huyu mtu alinitengea mahali, kwenye baridi hii. Alifikiri nitakuja."

"Umekuja, Mama," Walter akasema.

"Wewe kimbia ukamwite yule mama wa daftari. Mkwe gani anasimama tu."

Walter alikimbia hivi kwamba alipoteza kofia. Mimi nilibaki mdomo wazi kwa neno lile, lakini hapakuwa na muda wa kulijadili. Mzee Baldev alikwenda kwake akaleta mkebe wa majani ya chai. Mama akaujaza udongo kutoka upande wa kulia, wa kupeleka Alego, uwekwe kulia kwa mlango wake, panapomngoja tangu nikiwa mtoto.

Karani akaja akihema, daftari kwapani, saa sita kasoro dakika saba. Aliyatazama mawe mawili, akatazama miiba, akatazama panga. Jiwe la mume, akasema, halina shida, litabaki. Lakini hili la pili ni mahali palipowekwa akiba bila mtu. Mahali pa namna hiyo hurudi kwa kanisa na kupewa mwingine, isipokuwa mwenyewe atie sahihi kwamba anapahitaji. Je, Bibi Magdalene anakusudia kuzikwa Birmingham?

Nikamtafsiria mama.

"Sikusudii," mama akasema. "Nina boma langu. Nikifa nitalala kwangu."

"Basi panaachwa?" nikamuuliza.

"Hapaachwi. Mwambie asilale mwanamke mwingine hapa."

Nilimweleza karani. Akavua miwani. Alitaka kuelewa vizuri: bibi hatapatumia mahali hapa, wala hataki patumiwe? Nikamwambia ndivyo. Akaniuliza basi ataandika nini kwenye nafasi ya sababu, kwa kuwa lazima iandikwe sababu, na kalamu ilikuwa tayari hewani, na kiwanda cha vifungo kilikuwa kimeanza kuzima mashine zake moja baada ya nyingine.

Mama akaitazama ile kalamu. Akaniambia, nami nikamwandikisha karani neno kwa neno: Mahali hapa pana mwenyewe.

Alitia sahihi kwa herufi zake za darasa la ubatizo, jina zima pamoja na Ugenya. Kisha akadai nakala, yenye muhuri wa kanisa, kwa sababu Fanuel haamini mdomo, anaamini karatasi. Alipoipata akaikunja, akaitia kifuani, akakumbatia mkebe wake wa udongo, na njia nzima hadi kituo cha basi alikuwa akiniuliza kama kweli ndege ile haiwezi kuondoka leo.